Gari Lililolisha Mashine ya Mama Mkubwa

Baba mkubwa aliendesha lori la saruji mpaka masikio yakafa. Mtaani walimwita Honi, maana asiyeisikia sauti yake huipaza, na salamu yake tu iliamsha watoto waliolala. Injini aliijua kwa kiganja. Akiweka mkono juu ya boneti anakuambia plagi ipi imechoka, na hakosei. Nilikuwa naishi kwao, namfuata na maswali mpaka anachoka: "Wewe mtoto, shuleni wanakufundisha kuuliza tu?"

Mkewe, mama mkubwa, mapafu yalikuwa yamekwisha. Alishinda kitandani na mrija wa plastiki puani, pembeni mashine ya oksijeni ikikoroma. Na umeme wetu nao ni kama mgeni asiyeaga. Ukikatika, mama mkubwa anaanza kuhema kwa mabega, macho yamemtoka. Ndiyo maana baba mkubwa aliuza kiwanja chake, akanunua gari lililotumika, lenye injini ya petroli na betri kubwa unayoichaji nyumbani. Nyuma ya kiti lina soketi. Unachomeka waya, gari linalisha nyumba.

Fundi aliyemkabidhi gari alikuja kutusimulia baadaye, msibani. Alikuwa amemweleza baba mkubwa kila kitu: betri ikipungua, injini inajiwasha yenyewe kuijaza, kwa hiyo liegeshwe nje, penye hewa. Baba mkubwa aliitikia kwa kichwa. Ndivyo alivyofanya kwa kila mtu, kuitikia kulimwepushia aibu ya kusema "hebu rudia." Alichoondoka nacho ni kwamba gari ni la umeme. Mimi aliniambia, "Hili halina moshi, mwanangu. Moshi utatoka wapi, kwenye waya?" Nikacheka, nikaamini.

Kwa muda mrefu mambo yalikwenda vizuri. Mama mkubwa akawa anamtania: "Mume wangu siku hizi ni gari. Wewe kalale sebuleni."

"HAYA!" anajibu, na jirani wa tatu anasikia.

Kisha ikaja mvua ya upepo. Umeme ulikatika asubuhi, nikaenda shule nikaliacha gari uani, limeshachomekwa. Maji yalipoanza kuufuata waya, baba mkubwa akaliingiza bandani. Banda limepakana na chumba chao, na mlango wa katikati uliachwa wazi kidogo ili waya upite. Akafunga lango la nje la banda, mvua isipige ndani. Akaketi karibu na mkewe.

Nikirudi, nilisikia mngurumo tangu dukani, kule kwenye kona. Nikadhani ni jenereta la mtu. Nilipofika getini ndipo nikajua unatoka kwetu.

Chumbani hewa ilikuwa nzito. Baba mkubwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama mkubwa mbona haamki?" nikapiga kelele sikioni mwake.

"Mwache. Leo kalala vizuri. Mashine haijazima hata mara moja."

Kweli haikuwa imezima. Ilikuwa inavuta hewa ya chumba kile kile na kumpelekea puani. Nilimburuta baba mkubwa hadi bandani, nikaubandika mkono wake kwenye boneti. Alisimama hivyo kidogo tu. Halafu akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, akavunja komeo la lango kwa bega, akarudi kumbeba mkewe, akamlaza mvuani.

Mama mkubwa hakufika hospitali akiwa hai.

Baada ya mazishi watu walipotawanyika, aliniita pembeni. Kwa mara ya kwanza alinong'ona.

"Injini ulianza kuisikia ukiwa wapi?"

Nikafikiria lile duka, na kona, na nyumba zote zilizo katikati.

"Getini," nikasema, nikamwonyesha kwa kidole asije akakosea.

Aliligeukia geti, akaupima kwa macho ule umbali mpaka dirisha la chumba chao.

"Getini," akasema. "Mbali hivyo?"