Namba ya Saa Mbili

Saa moja na nusu asubuhi, Wendell Kaczmarek anasimama mbele ya kioo kinene cha kiwanda kimoja kusini mwa Wisconsin. Nyuma ya kioo, mikono ya chuma inamimina molibdeni yenye mionzi, inayotumika kupiga picha mioyo ya wagonjwa. Wendell hagusi kalamu mpaka asome kipimo mara mbili.

"Zamani nilikuwa naandika nikiwa nimekaa," anasema, na uso unamwiva.

Wendell, 43, alitumikia miaka tisa kwenye nyambizi ya nyuklia ya jeshi la majini, akilinda mtambo. Kila saa walitakiwa kusoma vipimo na kuvijaza kwenye fomu. Sindano za vipimo hazikucheza miezi kwa miezi, basi akazoea kuandika namba ya saa inayofuata mapema, anywe kahawa yake kwa raha.

Siku moja alimkabidhi zamu Teo Arriaga, rafiki aliyekula naye sahani moja. Namba ya saa ya kwanza ya Teo ilikuwa imeshaandikwa. Teo alimwamini, akatia sahihi. Kumbe kipimo kile kilikuwa kimefungwa kwa matengenezo, hakikuwa na namba yoyote ya kusomwa.

"Afisa aliniuliza kama najua ile namba imeandikwa na nani. Nikasema sijui."

Teo alivuliwa cheo na kuondolewa kwenye mtambo. Wendell aliondoka jeshini na nishani, na kiwanda kikamwajiri kwa dola 46 kwa saa, kikimsifu kwa nidhamu ya kijeshi. Sifa hizo, anasema, zilimchoma kila aliposikia.

Lakini mazoea yana taabu. Novemba iliyopita aliandika namba ya saa mbili ikiwa bado robo saa. Saa mbili ilipofika, sindano ilikuwa imeshuka. Alikwenda mwenyewe kwa msimamizi wake, Lorraine Brandvold.

"Umeandika bila kuangalia?"

"Ndiyo, bosi."

"Wendell we! Kwa namba ya uongo, mzigo wote huo unatupwa. Wagonjwa mia mbili wana miadi, na hii kitu haiwekwi akiba, kila siku tatu nguvu yake imepungua nusu. Niwaambie nini, kwamba ulikuwa umechoka kunyanyuka?"

Alisimamishwa wiki mbili bila mshahara. Hazikumuuma hizo. Kilichomuuma ni kwamba kwa wagonjwa asiowajua alikiri ndani ya dakika tano, na kwa Teo alikuwa amenyamaza miaka kumi na minne. Mficha uchi hazai. Akampigia simu Teo, ambaye sasa ni fundi bomba huko Iowa.

"Ndiyo unakumbuka leo?" Teo alimwambia.

"Nisamehe, kaka. Naona aibu hata kusema."

"Mimi niache. Mzee wangu alikuwa baharia, na mpaka leo ananiona mwongo. Utakuja umwambie baba yangu kwamba ni wewe."

Kwenye nyambizi, amri hujibiwa kwa kurudiwa neno kwa neno, ili aliyeitoa ajue imesikika.

"Nitakuja nimwambie baba yako kwamba ni mimi," Wendell alijibu.

Jeshi ameshaliandikia barua ya kukiri. Jumamosi hii, baada ya zamu, ataendesha gari kwa muda wa saa tatu hadi kwa mzee Arriaga.

"Natumaini atanisikiliza," anasema. "Akinifungia mlango, nitasema palepale nje, mpaka majirani wasikie."