Kioo Kipya cha Gari la Baba

Baba alifika kwangu Uyole asubuhi moja ya baridi, ametoa kichwa dirishani kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua. Kioo cha mbele cha gari lake kilikuwa kimevunjika upande wa usukani. Hakikumwagika, ila kilibonyea kwa ndani na kujaa nyufa nyeupe, hata ukisimama mbele yake humwoni aliyekaa ndani. Alikuwa ameendesha hivyo kutoka karibu na Makambako. Macho yake yalikuwa mekundu na yakitoa machozi. Nikadhani ni upepo.

"Shikamoo baba. Umepatwa na nini?"

"Marahaba mwanangu. Lori la mbao. Limeharibikia barabarani, na ubao mmoja umetokeza nyuma. Watu wa siku hizi hawajui hata kuweka alama."

"Hawakuweka matawi?"

Alifunga mlango wa gari kabla ya kunijibu. "Waliweka. Lakini hawakuyaweka vizuri."

Nilimshangaa. Gari likifa kwenye barabara yetu, utingo hukata matawi ya miti na kuyapanga nyuma yake ili anayekuja apunguze mwendo. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo nikiwa mdogo. Alikuwa dereva wa malori maisha yake yote ya kazi, na matawi ya barabarani aliyasoma kabla sisi wengine hatujaona kitu. Lakini alikuwa mzima, na ule ubao ungeingia kidogo zaidi ungempasua uso. Nikamshukuru Mungu, nikaenda kubandika maji ya kuoga.

Gari lenyewe lilikuwa la aina ambayo kwetu huonekana mara chache: lina kitanda, jiko la gesi, sinki na kabati, na usukani uko kushoto. Wazee wawili wa Kizungu waliokuwa wakizunguka nalo Afrika liliwafia Iringa, wakachoka nalo, wakamwachia baba aliyekuwa akiwasaidia kulitengeneza. Mama alikuwa hai bado, na alilicheka sana. Alipofariki, baba aliacha kulala nyumbani kwetu kule upande wa Tosamaganga. Alisema nyumba ina mwangwi. Akahamia ndani ya gari na kuanza kuzunguka: leo Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, kesho kutwa Rujewa kutafuta mchele, kisha Mbeya kwangu. Biashara ile haikuwa na maana kubwa. Alitaka tu awe njiani.

Fundi vioo nilimpata Mwanjelwa, karibu na banda ninaloshonea nguo. Alikuja nyumbani, akapima, akasema kioo cha gari kama lile hakipatikani popote, na cha kuagiza nje kingeweza kufika kimevunjika. Bahati nzuri kilikuwa kioo bapa, hakina mkunjo. Angeweza kukata kwenye kioo kikubwa cha basi. Baba alikubali. Siku zote za kungoja alikaa kwenye ngazi ya gari lake, amejifunika koti, akitazama milima. Nikimpelekea uji, ilinibidi nimwite "baba" mara mbili ndipo ageuke. Nikajua ni uzee, na ni majonzi ya mama.

Siku ya kufunga kioo sikwenda kazini. Fundi na mwenzake walikitoa kile kilichovunjika, wakasafisha fremu, wakavalisha kioo kipya mpira wake mweusi, kisha wakazungusha kamba ndani ya mfereji wa mpira na kuupaka maji ya sabuni. Mmoja alisukuma kwa nje kwa viganja, mwingine akavuta kamba kwa ndani polepole, na mpira ukaruka ukingo wa fremu kidogo kidogo mpaka wote ukakaa. Baba alisimama karibu, akishika huku na kule. Mara mbili fundi alimwambia, "Mzee, sogea kidogo, usije ukaumia."

Kilipokaa, wakakifuta kwa gazeti. Kilikuwa safi kiasi kwamba ulidhani hakuna kitu pale. Baba akapanda, akakaa kwenye usukani, akatazama mbele.

"Fundi," alisema, "umeniwekea kioo kibovu."

"Kibovu vipi, mzee?"

"Kina giza pembeni. Katikati kizuri, lakini pembeni kote kina ukungu."

Fundi hakubishana. Alichukua kitambaa akafuta upya, kona zote, nje na ndani. Baba akatazama tena, akatikisa kichwa. Akashuka, akatoa leso yake mfukoni, akaanza kufuta mwenyewe kwa nguvu, akihema. Fundi aliniangalia mimi, kisha akaangalia chini. Mwenzake akaanza kukusanya vifaa.

Nilipanda kwenye kiti cha baba. Niliona ua wote, mgomba wa jirani upande mmoja na kamba ya nguo upande wa pili. Hapakuwa na giza lolote.

"Baba," nilisema, "njoo hapa nje kidogo."

Nilimsimamisha uani, mbali na gari, hakuna kioo mbele yake. Nikamwomba atazame mlima moja kwa moja, asigeuze kichwa. Nikasimama pembeni yake, nikanyoosha mkono na kuupungia hewani.

"Unaona nini?"

"Naona mlima. Unataka nione nini?"

Nikasogeza mkono mbele zaidi, na zaidi. Ulikuwa karibu na pua yake ndipo aliposhtuka na kuupiga kofi. Nadhani alielewa palepale, kwa sababu hakuniuliza nilikuwa nikifanya nini. Alikwenda kukaa kwenye ngazi ya gari, ameshika leso yenye sabuni. Fundi aliaga kwa sauti ya msibani.

Hospitalini walimpima, wakamtia dawa, wakampima tena. Daktari, dada mmoja mpole, alituambia ni presha ya macho. Alisema imekula pembeni kwa miaka, bila maumivu, na sasa inaelekea katikati.

"Miwani itasaidia?" baba aliuliza.

"Hapana, baba. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki."

"Na kuendesha?"

"Kuendesha basi, baba. Ungeua mtu."

Tulipofika nyumbani aliniomba kitu kimoja tu, arudishwe kwao na gari lake. Nikatafuta dereva, kijana wa jirani mwenye adabu, tukaondoka. Baba alikaa kiti cha kulia, kile ambacho mama alikuwa akikaa. Mikono aliiweka magotini. Njia nzima alisikiliza injini. Tulipopita Igawa aliuliza kama tumevuka daraja, nikamwambia tumevuka. Baada ya Makambako alisema, "Punguza, mbele kuna kona mbaya," na kweli ilikuwepo. Dereva akamwambia, "Asante mzee." Mafinga kulikuwa na ukungu wa kweli, mzito, taa za malori zikitokea ghafla. Baba aliutazama muda mrefu.

"Huu nao ni macho yangu?" aliniuliza.

"Hapana baba. Huu tunauona wote."

Akaitikia kwa kichwa. Nadhani hiyo ndiyo faraja pekee niliyompa safari ile.

Shangazi yangu alikuwa amefagia nyumba na kutandika kitanda. Baba alilala humo, hakubisha. Dawa ya matone aliitumia miezi ya kwanza, kisha akaacha. Alisema inawasha. Shangazi alinipigia simu kuniambia, nikaenda, nikamsihi, akaanza tena, akaacha tena. Gari lilinunuliwa na mkulima mmoja wa vitunguu aliyetaka injini. Walilivuta kwa trekta, na baba alikuwa kanisani wakati huo.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoisha hakuwa akiona hata dirisha. Nilipokwenda kumwona safari iliyopita, nilimkuta jikoni peke yake. Alikataa nimsaidie. Alipapasa meza akapata kikombe, akaingiza kidole ndani ya ukingo wake, akamimina chai kutoka kwenye chupa mpaka alipohisi imekifikia kidole. Ilikuwa ya moto sana, mvuke ulikuwa ukipanda. Hakuondoa kidole haraka. Akanisogezea kikombe upande ambao hakuna mtu.

"Kunywa, mwanangu. Umetoka mbali."

Nikahama kiti taratibu ili asisikie, nikakaa pale alipodhani nipo, nikanywa.