Nyimbo Kwenye Kopo la Dhahabu

Kompyuta ya kwanza niliyoitibu peke yangu ilikuwa imepaliliwa. Sina neno jingine. Mwenye nayo alikuwa mwalimu wa kwaya kutoka Geita, Msukuma aliyelima pamba tangu utotoni. Alipofungua laptop yake akakuta mafaili chungu nzima asiyoyajua, alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili hufanya shambani: alichokipanda mwenyewe akakiacha, asichokipanda akang'oa.

"Niliambiwa ikijaa inakuwa nzito," alinieleza. "Nikasema ngoja niipunguzie."

"Sasa ulijuaje la kutoa na la kuacha?"

"Nyimbo zangu nazijua, zina majina ya Kiswahili. Yale mengine yalikuwa na majina ya ajabu ajabu, herufi na namba, kama ya dawa za panya. Nikafuta."

Hiyo ilikuwa Shinyanga, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nafanya kazi kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza redio, betri, vyerehani na mashine za kuchapa. Kufika kwangu pale hakukuwa na mpango. Shule niliiacha darasa la sita, bila ugomvi, tulichoshana tu. Nikaenda Maganzo kuchekecha mchanga wa almasi, nikaona kokoto za kunitosha maisha yangu yote, nikarudi mjini. Mzee aliniajiri nibebe maboksi. Boksi moja lilikuwa la kompyuta. Nililibeba hadi ofisini kwake, nikamsaidia kulifungua, na sikutoka tena mle ndani. Kitabu chake cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza. Nilikisoma kwa kamusi, polepole, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe.

Mzee alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia mpaka nikawa naiota. "Usiguse mashine ya mtu kabla hujanakili vitu vyake. Mashine inauzwa dukani. Vitu vya mtu haviuzwi popote."

Basi mwalimu akaifungua laptop yake kutoka ndani ya kitenge, na ndani ya kitenge kulikuwa na blanketi la mtoto, na ndani ya blanketi kulikuwa na taulo. Aliachiwa na mzungu mmoja, mtaalamu wa miamba, aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Niliiwasha. Ikawaka kwa kinyongo, herufi kubwa kama za bango la uchaguzi, rangi zimekwenda, kipanya hakisogei. Alisema printa ya kanisani nayo, tangu alipopalilia, ilikuwa inatema mistari ya alama zisizosomeka.

Zilizong'olewa zilikuwa draiva. Draiva ni programu ndogo inayoifundisha kompyuta namna ya kuelewana na kifaa fulani: kioo, kipanya, printa. Ikikosekana, kifaa kipo, kina umeme, kimechomekwa vizuri, lakini ni kama mkwe asiyejua Kisukuma: amekaa sebuleni, anatabasamu, anakunywa soda, na hakuna anayejua anataka nini.

"Zile disketi za mzungu, zilizokuja na mashine, ziko wapi?"

"Nyumbani Geita. Mama watoto anazo."

"Na nyimbo umeziandika kwenye karatasi pia?"

"Nilikuwa nazo. Zilipoingia kwenye kompyuta, karatasi za nini? Mama watoto alifungia karanga."

Hapo nilielewa kwa nini alikuwa amekuja na macho mekundu. Kwaya yake ilikuwa inakwenda Mwanza wiki ile ile kurekodi kaseti. Walikuwa wameisubiri safari hiyo kwa muda mrefu, na nyimbo zote, sauti ya kwanza mpaka ya nne, zilikuwa ndani ya ile mashine na si mahali pengine popote duniani.

Nikafuata sheria ya mzee. Nikanakili nyimbo kwenye disketi, kisha nikazifungua moja moja kwenye kompyuta ya dukani kuhakikisha zinasomeka. Zilisomeka. Do, re, mi zimejipanga vizuri kama jeshi. Mwalimu akazitia disketi kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akafunga kifungo.

Mzee alinikopesha disketi za mfumo, rundo lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. "Nenda naye," alisema. "Ukishindwa usirudi kuniambia, baki huko huko."

Geita nilikuwa sijafika, na sijawahi kukataa basi linalokwenda nisikokujua. Disketi za mzee nilizitia katikati ya nguo zangu. Tulivuka ziwa kwa kivuko pamoja na ng'ombe, na mwalimu muda wote mkono wake ulikuwa kifuani, mpaka mama mmoja akamuuliza kama anaumwa.

Kumbe uimbishaji haukuwa kazi yake ya siku za juma. Siku za juma alikuwa mnunuzi mdogo wa dhahabu. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Kalangalala, vyumba viwili, watoto wengi na mbuzi mmoja aliyeingia ndani bila hodi. Mwalimu alitazama wale watoto, akatazama mfuko wake wa shati, akatikisa kichwa. Akafungua sanduku la chuma, akatoa kopo la maziwa ya unga alimoweka dhahabu yake, akazitia disketi ndani, akalifunika, akafunga sanduku kwa kufuli.

"Hapa hata shetani haingii," akasema. Tukalala.

Asubuhi nikauliza disketi za mzungu. Mkewe alikuwa anakoroga uji.

"Disketi ndiyo nini?"

"Vitu vya plastiki, bapa, mraba, vyeusi."

"Aa, vifuniko!" Akaenda jikoni akarudi na vikombe vya maziwa ya watoto. Kila kimoja kilikuwa kimefunikwa kwa disketi ili nzi wasiingie. Nilizifuta kwa kanga. Moja iliandikwa kwa Kiingereza jina la kioo, nyingine jina la kipanya. Ya tatu ilikuwa na alama za meno.

"Hiyo ni mbuzi," mkewe akasema. "Usinitazame mimi."

Umeme ulipatikana kwenye baa ya jirani yenye jenereta. Nikatandika vifaa kwenye meza, kati ya chupa za asubuhi. Wachimbaji waliokuwa wanamaliza supu walisogea.

"Hiyo televisheni mbona haina mpira?"

"Siyo televisheni, ni kompyuta."

"Sasa si uweke mpira kwenye kompyuta?"

Mwalimu aliniuliza mara ya mwisho kama nyimbo ziko salama. Nikamwambia ziko kwenye kopo lake mwenyewe. Akanyanyua mkono kama mchungaji anayebariki, nami nikaifuta mashine yote, nikaanza kupanda upya. Ilikuwa inaomba disketi moja baada ya nyingine kama ndama anayesukuma chuchu. Kisha nikaweka ile ya kioo, iliyokuwa inafunika maziwa. Nilitarajia harufu tu. Lakini ikanguruma, ikasoma, mashine ikazima, ikawaka tena, na kioo kikarudi na rangi zake zote. Baa nzima ikapiga makofi. Mmoja aliniagizia bia kabla ya saa nne. Kipanya nacho kikasogea, na printa iliyoletwa kwa baiskeli kutoka kanisani ikachapa ukurasa safi. Nilijiona profesa.

"Lete nyimbo," nikasema.

Mwalimu akaleta kopo zima, hakutaka kulifungua njiani. Nikatia disketi ya kwanza. Mashine ikafikiri, ikakwaruza, kisha ikaniuliza kwa Kiingereza cha adabu kama ningependa kuifomati, yaani kuiandaa kama disketi tupu. Nikatia ya pili. Swali lile lile. Nikatia zote.

"Vipi?" mwalimu akauliza.

Nililivuta lile kopo nikachungulia. Kulikuwa na karatasi ndogo zilizokunjwa zenye vumbi la dhahabu, mizani ya mkononi, na kitu cheusi cha duara, kizito, kimeota manyoya ya mchanga pande zote.

"Hiki nini?"

"Sumaku. Ya spika ya redio."

Watu wa Geita hawahitaji kuelezwa. Dhahabu ya kwenye karai hutoka na mchanga mweusi wenye chuma, na muuzaji mjanja huuacha kwa makusudi uongeze uzito. Mnunuzi hupitisha sumaku juu yake, chuma kinaruka, dhahabu inabaki. Hakuna mnunuzi asiye na sumaku, na hakuna anayeiweka mbali na dhahabu yake. Na disketi, ambayo inavumilia nzi, maziwa na mbuzi, haivumilii sumaku hata kidogo, maana hufuta kila kilichoandikwa.

"Mwalimu, umelaza disketi na sumaku?"

"Nimezilaza na dhahabu!" alifoka. "Ulitaka nizilaze na vitunguu?"

Mchimbaji mmoja akauliza, "Kwa hiyo sumaku imevuta nyimbo?"

"Haikuvuta. Imezipiga pasi."

Mwalimu alikaa chini. Siyo kwenye kiti, chini. Wale waliokuwa wanacheka wakaacha, kwa sababu wengi wao walikuwa na dada au mke kwenye ile kwaya. Ni mkewe aliyekuja kuona kelele zimeishia wapi, na alipoelezwa akashika kiuno.

"Ng'wanawane, mwanangu we! Sasa hao waimbaji umewafundisha nini miezi yote hii, kupiga miayo? Nyimbo si wanazo? Waite."

Waliitwa. Shida ni kwamba mwalimu hakufundisha kwaya yake pamoja. Kila sauti aliifundisha kwenye nyumba yake, ili wasivutane, kisha akawaunganisha Jumamosi moja tu. Kila kundi lilijua njia yake na halikujua ya mwenzake. Tukahamia kanisani na mashine na jenereta. Sauti ya kwanza walikuja na watoto mgongoni na walikumbuka kila kitu, pamoja na mapambo ambayo mwalimu hakuyaandika.

"Hapo hamkupandisha hivyo," alisema.

"Tulipandisha, Mwalimu. Ulikuwa hutusikilizi."

Aliandika, mimi nikachapa. Sauti ya pili waligombana wao kwa wao, wakapatana. Sauti ya tatu walikuwa watulivu na wote walikosea sawasawa. Kila wimbo ulipokamilika nilinakili kwenye disketi mbili, nikamkabidhi mkewe moja, na yeye akaiweka kwenye sidiria.

Ikabaki sauti ya nne. Besi wote walimfuata mtu mmoja, kama kondoo, na akikosekana wanaguna tu. Mtu huyo mwalimu alikuwa amemtimua kwa kuingia mazoezini ananuka gongo. Sasa alikuwa anachimba. Tulikwenda kwenye duara lake, shimo la wachimbaji lililozungushiwa miti pembeni ili lisiporomoke, na mwenye kamba akainama akaita.

"Nani?" sauti ikatoka chini, nzito kama gunia.

"Mwalimu wa kwaya!"

"Mwambie nimekufa."

"Anasema amekufa, Mwalimu."

"Mwambie marehemu kwamba tunaomba sauti ya nne."

Wachimbaji waliokuwa juu wakakaa vizuri. Kazi ilikuwa imesimama yenyewe. Kisha kutoka chini: "Aniombe radhi."

Mwalimu aliinama juu ya shimo. "Nisamehe, bwana."

"Sijasikia. Huku kuna mwangwi."

"Nisamehe!"

"Kwa kosa gani?"

"Kwa kukuita pipa la gongo mbele ya akina mama!"

"Haya. Na wimbo wa mwisho naanza mimi peke yangu."

"Hapana. Huo unaanzwa na sauti ya kwanza, hata Mwanza wame..."

"Basi nimekufa tena."

"Anza wewe! Anza wewe!"

Hakukubali kupanda, maana alikuwa karibu na mwamba mzuri na hakumwamini mwenzake. Akaimba huko huko. Mwalimu alilala kifudifudi mdomoni mwa shimo, karatasi juu ya jiwe, akiandika, na ile sauti ikapanda kutoka ardhini mpaka tukaihisi tumboni. Mwenye kamba alivua kofia. Mahali alipoimba vibaya mwalimu aliandika kama ilivyotoka. Nilimuuliza kwa nini.

"Ni nzuri kuliko yangu," alininong'oneza. "Usimwambie."

Kwaya ilikwenda Mwanza na ilirekodi. Besi alianza peke yake, akavuta pumzi mahali pasipofaa, na kaseti iliuzwa hivyo hivyo.

Lakini zilikuwapo nyimbo nyingine ndani ya ile mashine, alizotunga wakati wa mvua na hakuwa amemfundisha yeyote. Hizo hazikuwa kwenye koo la mtu. Waliporudi kutoka Mwanza nilikuwa bado pale, nimeganda kama kawaida yangu, na nilimkuta barazani anajaribu kuzikumbuka.

"Hizo ndizo zilikuwa nzuri kuliko zote," alisema.

"Kama marehemu," mkewe akajibu kutoka jikoni. "Akishazikwa tu, alikuwa mtu wa watu."

Alianza moja, taratibu, kidole kikipiga goti. Akafika katikati, akasimama. "Hapa. Hapa ndipo sauti ya pili ilikuwa inaingia." Akaurudia mstari, akasimama pale pale.

Jikoni mwiko ulitulia, na mkewe akaingia na sauti ya pili, ya kujitungia, bila hata kugeuka.

"Siyo hiyo," mwalimu akasema.

"Ndiyo hiyo sasa. Andika kabla uji haujaungua."