Siku Nne Bariadi, kwa Watu Wanaosomeana

Nilikwenda Bariadi kwa sababu nilikuwa nimekubali jambo ambalo sikutaka kulikubali. Mhariri mmoja wa mjini alinipigia simu kuhusu riwaya yangu ya kwanza, akasema imempendeza, ila mwisho wake utawakera watu. Mhusika wangu, Salome, anamwacha mume anayempiga, anaondoka na watoto wawili na harudi. Mhariri alitaka arudi, amsamehe mumewe, kitabu kiishe kwa sherehe. Nikajibu, "Sawa, nitabadilisha." Baada ya hapo sikuandika hata aya moja kwa mwezi mzima. Nilikaa mezani jioni nikasahihisha madaftari ya wanafunzi, nikajidanganya kwamba nimechoka.

Aliyeniondoa nyumbani ni Minza, fundi cherehani wa Bariadi tuliyejuana kwenye semina ya waandishi. Nilimweleza kwa simu, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Shule zikifungwa njoo, Mwalimu," akasema. "Sisi huku tunasomeana kila Jumamosi. Lete miisho yote miwili."

"Wa pili sijauandika."

"Basi lete huo mmoja, na wewe mwenyewe."

Ijumaa alfajiri niliondoka Singida. Mpaka Shinyanga nilisinzia. Tulipokata kona pale Mwigumbi kuelekea Maswa nikaamka, maana nchi ilikuwa imefunguka: tambarare, udongo mweusi, na pamba imepasuka mashambani kila upande. Wanawake walikuwa wakichuma, vitambaa vimefungwa kiunoni vimevimba pamba. Jirani yangu kwenye kiti, mama aliyekuwa akirudi kutoka kumuuguza dada yake, alinipa karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilimshukuru, akanifundisha kusema "wabeja", akacheka jinsi nilivyolitamka.

Saa kumi jioni nilifika. Minza alikuwa ananingoja stendi, futi ya kupimia bado iko shingoni.

"Mwadila, Mwalimu!"

"Mwadila," nikajibu, maana hilo alikuwa amenifundisha kwa simu.

Anaishi mtaa wa Somanda, chumba cha nyuma ya duka lake la kushonea. Usiku ule tulikula sato aliyetoka ziwani Lamadi asubuhi, na hakuniuliza chochote kuhusu kitabu.

Jumamosi mchana vyerehani vilisogezwa ukutani, wakaja watu sita. Mmoja alikuwa muuguzi, mwingine dereva wa bodaboda, wengine wakulima. Utaratibu wao ni mwepesi. Mwandishi anasoma kwa sauti. Wenzake wanamwambia walipopotea, walipocheka, na walipopiga miayo. Hakuna anayemwambia mwenzake aandike nini. Minza alinieleza kwamba alipolazwa mwaka jana walikwenda kumsomea wodini kwa zamu, na mwenzao Sayi alimletea unga wa mahindi kutoka kijijini kwao Nkoma.

Sayi mwenyewe aliingia wa mwisho, mkulima wa pamba mwenye mikono mikubwa. Hakuwa na daftari.

"Leo sisomi," akasema. "Naacha."

Alikuwa ameandika mchezo wa kuigizwa na vijana wa kanisani kwake. Ndani yake mjane ananyang'anywa ng'ombe na shemeji yake baada ya matanga. Majina na kijiji ni vya kubuni, lakini baba yake mkubwa, Mzee Mabula, alikuwa amesikia habari zake, akamtumia ujumbe kwamba mchezo ule ukiigizwa, asikanyage tena kwake. Na shamba analolima Sayi ni la ukoo. Msemaji wa ukoo ni huyo huyo mzee.

Mimi nilitazama sakafu, kwa kuwa nilijua ninavyofanya mimi nikisukumwa.

"Baba mkubwa ameusoma?" Minza akauliza.

"Amesikia tu."

"Basi anagombana na maneno ya watu. Kesho baada ya ibada twende tukamsomee. Akikataa baada ya kusikia, utaamua mwenyewe. Hata ukiacha, hatutakulaumu."

Sayi akasema, "Msiniache nisome peke yangu."

Jumapili mchana Sayi, Minza na mimi tulifika Nkoma kwa pikipiki mbili, vumbi hadi kwenye kope. Mzee Mabula tulimkuta uani na mkewe wakichambua pamba juu ya turubai, safi upande huu, yenye uchafu upande ule. Sayi alimwamkia kwa heshima zote za Kisukuma, akatutambulisha, akasema tulilojia. Nilitarajia tufukuzwe.

"Mikono isikae bure," mzee akasema. "Kaeni mchambue. Wewe soma."

Tukakaa. Sayi alitoa daftari akasoma. Mwanzoni sauti yake haikusikika vizuri, na Minza akamwambia taratibu, "Rudia hapo, kaka." Akarudia. Alipofika pale ambapo shemeji anafungua zizi, na mjane anaanguka chini akilia na kumlaani, mikono ya mzee ilisimama. Mkewe hakuinua macho. Sayi aliendelea hadi mwisho. Sikuwahi kuona mtu akisoma kwa ujasiri namna ile, naye anaogopa.

Mzee akasema, "Huyo mjane wako analia sana."

"Ndiyo, Baba mkubwa."

"Yule ninayemjua mimi hakulia. Alichukua ufagio akafagia zizi tupu. Alifagia mpaka jua likazama. Sisi tulikuwa tunaswaga ng'ombe wake, tunamwona." Akaokota pamba, akaitazama, akaitupa upande wa uchafu ingawa ilikuwa safi. "Kama unaandika, andika hivyo."

Sayi akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo tuigize?"

"Sijakuruhusu, sijakukataza. Nimekwambia alichofanya."

Mkewe akainuka, akaenda jikoni. Tulikula ugali, mlenda na maziwa ya mgando, tukazungumzia mvua. Wakati wa kuaga mzee alimshika Sayi mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hakusema kwamba ng'ombe watarudi. Lakini Sayi alipanda pikipiki akiwa na daftari mkononi, na tulipofika barabarani alimwomba dereva asimame, akaandika ameegemea tangi la mafuta.

Nilimuuliza kilichompa nguvu ya kusoma. Akasema, "Nilijua nikifukuzwa, kuna watu watakaotoka uani pamoja nami."

Jumatatu walikuja tena, zamu ikawa yangu. Nilisoma mwisho wa riwaya dukani, wateja wakiingia kuchukua sare za shule. Nilipomaliza, muuguzi alisema mama yake Salome haonekani vizuri, kama mtu aliyesimama mbali. Minza alisema sehemu ya barua ya Salome ni ndefu, amepiga miayo. Sayi alikuna kidevu.

"Mwalimu, mimi nisingependa binti yangu afanye kama huyo Salome. Nakwambia kweli. Lakini ukimrudisha, nitajua si wewe uliyemrudisha."

Hakuna aliyenisifu sana siku ile, nami sijawahi kushukuru maneno ya watu kama nilivyoyashukuru hayo. Minza aliondoa vitambaa kwenye meza ya kukatia akaniachia mchana mzima. Nilimwandika upya yule mama wa Salome, kurasa nane, mkasi ukilia pembeni yangu. Salome sikumgusa.

Jumanne niliondoka. Stendi ya Shinyanga, nikisubiri basi la kuunganisha, nilimpigia mhariri nikamwambia kwamba Salome harudi. Akasema basi hawataweza kukichapa kitabu. Nilimshukuru kwa muda wake. Nilipokata simu nikanunua chai, nikatuma ujumbe Bariadi. Kabla chai haijapoa walikuwa wamejibu wote, Minza na wenzake sita.

Kitabu bado hakijachapwa. Zamani niliamini kwamba uhuru wa mwandishi ni kuachwa peke yake na karatasi yake. Mwaka huu nimeona kwamba mimi niliposukumwa, nilikuwa peke yangu, na ndiyo maana nilianguka upesi. Wenzangu wa Bariadi hawakuniandikia hata neno moja. Walikaa karibu tu nilipokuwa nikiandika ya kwangu, wakaniambia walipopiga miayo.

Sasa na sisi Singida tunakutana Jumamosi, nyumbani kwangu, watu watatu. Juzi mwalimu wa hesabu, ambaye miaka yote sikujua kama anaandika, alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alisoma mistari miwili, akakatiza, akatutazama kama mtu aliyevunja kitu cha wenyewe.

"Niendelee?" akauliza.

Tukamwambia aendelee.