Uso wa Bi Rhoda na Mkunjo wa Katikati

Siku yangu ya kwanza kazini pale Garsen, mwishoni mwa miaka ya tisini, Mhariri Mkuu alinikabidhi mkasi, rula na chupa ya gundi. Ninyi mnaopanga kurasa kwa kompyuta mtacheka. Sisi tulikata safu za maandishi, tukazibandika na picha kwenye karatasi ngumu, kisha tukazituma kwa basi hadi kwa mpiga chapa Malindi. Jarida letu lilikuwa la muziki wa Tana, na kazi niliyoipenda zaidi ilikuwa kurasa mbili za katikati, zile zinazotazamana.

Mhariri Mkuu alikuwa mtu wa Kipini, mpole wa sauti lakini mgumu kubishiwa. "Kijana, ukurasa husomwa kwa jicho kabla ya maneno," aliniambia. "Jicho litue wapi kwanza?" Swali hilo nimelitumia maisha yangu yote.

Toleo moja tuliwapa kurasa hizo akina mama waimbaji wa kijiji cha Hewani. Kiongozi wao, Bi Rhoda, alikuwa karibu kumwachia mwingine nafasi. "Mama yangu aliimba mpaka akazeeka, na picha yake hatuna hata moja," alinieleza. "Mimi nataka wajukuu wanione."

Mpiga picha wetu aliwapanga mstari mmoja, Bi Rhoda katikati, wote wamekauka kama wanaosubiri chanjo. Mhariri Mkuu akafurahi. "Nyota hukaa katikati," akasema. Nikaikunja picha kujaribu: mkunjo ulipita puani pa Bi Rhoda, na pini ya jarida ingemchoma kwenye paji la uso. Roho iliniuma, nikasema siibandiki.

Nilipendekeza tuisogeze picha kushoto, ingawa waitikiaji wa mwisho wangekatwa. "Basi wakatwe," akasema bosi. Nikaona si haki kuamua bila wenyewe. Tukaenda Hewani, mimi na mpiga picha.

"Mwanangu, ukimkata mmoja, na mimi nitoe," Bi Rhoda akasema.

Yeye hakubishana zaidi. Aliwaita wenzake watuimbie, tusije tukaondoka mikono mitupu. Hapo ndipo nilipoona. Kiongozi wao hakai katikati hata kidogo. Upande mmoja ukilegea kuitikia, huusogelea, akawaimbia usoni mpaka wapate nguvu. Bi Rhoda alikwenda kulia, na wale wa kushoto wakageuka kumfuata, midomo wazi.

"Piga sasa," nikamwambia mpiga picha.

Nilimweka Bi Rhoda ukurasa wa kulia. Waitikiaji walitoka kushoto wakimtazama, kwa hiyo jicho lilivuka lenyewe kumfuata. Mkunjo niliuangusha kwenye nafasi kati ya wanawake wawili, na kichwa cha habari nikakiteremsha chini, kwenye vumbi la miguu yao. Mhariri Mkuu aliziinamia kurasa. "Jicho limetua," akasema, akarudi mezani kwake.

Bi Rhoda alipopata nakala yake, alipitisha kidole kwenye mkunjo, kisha akawataja wenzake kwa majina, mmoja mmoja. "Wote wazima," akasema, akacheka.

Sasa nimestaafu, nalima ndizi kijijini Wema, na sina malalamiko. Juzi nilipita Hewani. Bi Rhoda alishatutoka, lakini kurasa zile ziko ukutani kwa mjukuu wake. Pini zimeota kutu, na karatasi imechanika kwenye mkunjo, juu hadi chini. Wamezibandika vipande viwili, kimoja kando ya kingine. Hakuna mwanamke aliyechanika, na uso wa Bi Rhoda ni mzima, bado anaimba.