Sentensi Moja ya Kitabu cha Zamu

Siku hizi, alfajiri, nyumba ile ya watu wawili imenyamaza. Hakuna tena sauti nyuma ya ukuta ikirudia neno moja la Kiingereza mara kumi, ikikosea, ikijikemea, ikianza upya. Binti huamka saa ileile, husikiliza, kisha hujifunika tena.

Kwa miaka ishirini na miwili baba yake alitunza boila, mtambo wa mvuke wa chumba cha kufulia cha hospitali. Wenzake walimwita Mvuke. Geji ya presha aliitazama kwa heshima tu. Aliweka kiganja karibu na bomba, akainamisha kichwa kama daktari juu ya kifua cha mgonjwa, akajua.

Ndipo akaja msimamizi mpya na amri yake: kitabu cha zamu kiandikwe kwa Kiingereza, na fundi wa nje asiitwe bila maandishi. Asiyeweza kuandika, mwisho wa mwezi akatafute kazi nyingine. Asubuhi ya kwanza alisoma mbele ya wote sentensi ya mlinzi, kosa kwa kosa. Watu walicheka hadi machozi. Mvuke naye alicheka.

Kila jioni binti alimkalisha mezani.

"Baba, hiyo herufi ya kwanza haitamkwi. Iandike tu."

"Haitamkwi? Sasa imekuja kufanya nini?"

"Imekaa tu."

"Kama msimamizi wangu."

Lakini vitenzi vilimshinda. Leo vina sura hii, jana vilikuwa na nyingine, na hakuona pa kushika. Maneno mawili yalisikika sawa, yakaandikwa tofauti. Mwishowe binti alimpa sentensi moja fupi, kwamba kila kitu kinafanya kazi vizuri. Akaikariri hadi nukta yake. Msimamizi aliisoma mbele ya watu, akamsifu. Tangu hapo Mvuke aliiandika kila zamu, kwa mwandiko mzuri.

Wiki ambayo binti alikwenda kulala bweni kwa ajili ya mitihani, bomba kubwa la mvuke lilianza kulia kwenye kiungio. Sauti nyembamba, kama mtu anayepumua kupitia meno. Mvuke alipunguza moto kidogo, akamfuata msimamizi.

"Bosi, bomba lile halinipi raha."

"Umeandika?"

"Bado."

"Andika, mzee. Mimi sisikilizi mabomba, nasoma kitabu."

Alikaa na kalamu muda mrefu. Neno la kiungio hakulijua. La kuvuja alilijua mdomoni, lakini herufi zake zilimkimbia. Akauona uso wa mlinzi siku ile ya kicheko. Akaandika sentensi yake.

"Shemeji, hilo dude lako linapiga mluzi," mama mmoja wa kupiga pasi nguo za hospitali alimwambia kesho yake. "Wakubwa wanajua?"

"Niachie. Binti anarudi Ijumaa, ataniandikia."

Alhamisi, saa nne asubuhi, mluzi ulikatika ghafla. Mvuke aliinua kichwa.

"Tokeni! Tokeni nje wote!"

Wanawake wa pasi walitimua mbio, wengine miguu mitupu. Yeye aligeuka kwenda kufunga koki ya mvuke, na kiungio kikapasuka kabla hajaifikia.

Wachunguzi walipofungua kitabu, walikuta kurasa safi, bila kosa hata moja. Hadi asubuhi ile, kila kitu kilikuwa kinafanya kazi vizuri.

Sasa Mvuke yuko ghorofa ya pili ya hospitali hiyohiyo, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, mikono yote miwili imefungwa bendeji.