Rupia Niliyoisugua kwa Majivu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka natazama kwanza vidole vyangu, kana kwamba majivu yake bado yamo kwenye kucha. Usicheke. Najua mnaniita mama mkubwa ilhali mvi zangu bado ni za kuhesabika, na shule yangu iliishia darasa la saba hapa hapa Bugarama. Lakini juzi nilikuona umeinamia simu, unatazama picha ya sarafu ya zamani inayouzwa mtandaoni, macho yamekutoka, kichwani umeshajenga nyumba na umeshaipiga bati. Nikajiona mimi mwenyewe. Basi kaa kidogo nikusimulie.

Ulikuwa mwaka ule Warundi walipoanza kuvuka tena kwa wingi. Walikuja kwa miguu kupitia mashamba ya kahawa, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Wengine walienda moja kwa moja kituo cha mapokezi, wengine walilala siku kadhaa majumbani mwetu wakingoja magari ya kuwapeleka kambini Kigoma. Kwetu haikuwa shida, maana Kihangaza chetu na Kirundi vinasikilizana vizuri. Mama alimpokea mmoja, Spesioza, fundi wa kushona, na mtoto wake mchanga. Cherehani yake aliiacha alikokimbia, na hilo ndilo lililomkosesha raha.

"Nyumba nitajengewa turubai," alimwambia mama. "Ila bila mashine, kambini nitakuwa mtu wa kupanga foleni tu, asubuhi hadi jioni."

Jumatatu akafumua pindo la kitenge chake, akanitolea sarafu. Ilikuwa nyeusi kama sehemu ya chini ya chungu. Upande mmoja mzungu mwenye kofia ya chuma, na juu ya kofia ndege ametandaza mabawa. Upande wa pili simba amesimama mbele ya mti. Rupia ya Mjerumani. Aliachiwa na bibi yake.

"Jeni, wewe una simu ya kugusa," akasema. "Niuzie, sha, mwenzangu, nipate mashine. Ijumaa tunaondoka."

Simu nilikuwa nayo kweli, niliinunua kwa pesa ya kahawa ya msimu mzima. Tena nilikuwa kwenye kundi moja la watu wanaouziana sarafu na noti za zamani. Si kwamba nilikuwa na sarafu. Nilipenda tu kutazama picha na kuota. Wenzangu walikuwa wanatazama mpira, mimi natazama vichwa vya wafalme.

Nikapiga picha, nikaituma. Bwana mmoja wa Mwanza akajibu kabla hatujala mchana. Alikuwa mtu wa taratibu. "Naomba picha ya upande wa pili. Na ya ukingo, ukiizungusha. Piga kivulini karibu na mlango, usiwashe taa ya simu." Nikapiga zote. Akazitazama, kisha akaandika kwamba imetulia, nisiiguse sana, na akataja bei. Mwanangu, bei ile ilitosha cherehani nzuri na nyuzi za kuanzia kazi. "Alhamisi nitakuwa Ngara mjini," akasema. "Nitaitazama kwa macho yangu, ikiwa ni hii hii, nitakulipa hapo hapo."

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na hadithi.

Kesho yake mtu mwingine akatuma kwenye kundi picha za rupia kama ile ile, kofia ile ile, simba yule yule, lakini inang'aa kama kioo. Bei aliyoandika ilikuwa ya pikipiki mpya. Hapo ndipo shaka ziliponiingia kama siafu kwenye gauni. Shaka ya kwanza: huyu wa Mwanza anatuibia. Shaka ya pili, na hii ndiyo mbaya: mbona yetu nyeusi? Isijekuwa ni feki?

Nikaenda kwa Deo, aliyekuwa na kibanda cha kuchaji simu na maoni juu ya kila kitu.

"Rupia ya kweli inavuta mchele," akasema bila hata kuinua macho.

"Inavutaje?"

"Kama sumaku. Punje zinaikimbilia zenyewe. Shemeji yangu wa Kasulo aliona."

"Aliona kwa macho yake?"

"Aliona kwenye video."

Basi nikaazima kiganja cha mchele, nikaumwaga kwenye ungo, nikaiweka rupia katikati na kuikodolea. Kilichosogea ni sisimizi mmoja, naye alikuwa na safari zake. Nikamrudia Deo.

"Feki hiyo," akahukumu. "Hawa wanaokuja na vitu vya bibi, vya bibi, mimi nawajua. Angalieni msije mkamlisha mtu bure."

Neno lile sikulikataa. Nilikwenda nalo nyumbani. Jioni Spesioza anakula ugali wetu, mimi namtazama mikono. Akicheka na mama, nawaza anacheka nini. Mwisho nikamuuliza, "Dada, una uhakika hakuna mtu aliyembadilishia bibi yako hii sarafu?"

Akaacha kutafuna. "Unauliza kama mimi ni mwizi, Jeni, au kama bibi yangu alikuwa mjinga? Chagua moja nikujibu."

Nikainuka, nikajifanya naenda kutazama moto jikoni.

Jumatano asubuhi alikwenda kituoni kuandikisha jina. Nami nikafanya kile ambacho msichana yeyote wa kwetu aliyelelewa vizuri angefanya. Unajua nyumbani mgeni akija, sufuria husuguliwa kwa majivu mpaka unajiona uso. Sufuria nyeusi ni aibu ya mwenye nyumba. Nikachukua majivu, limau, na nyuzi za mgomba mkavu. Nilisugua huku naimba. Weusi ukatoka, fedha nyeupe ikachomoza, na masharubu ya yule mzungu yakaanza kuonekana. Nikafurahi mara mbili: kumbe ni fedha ya kweli, Spesioza hakutudanganya, halafu sasa inang'aa kama ile ya bei ya pikipiki. Nikapiga picha juani, nikamtumia bwana wa Mwanza, na bei nikaipandisha.

Akauliza, "Dada, hii ndiyo ile ya juzi?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Nimekusafishia."

Kisha akaandika: "Pole sana. Ule weusi haukuwa uchafu, ndiyo ngozi yake ya miaka mia. Ikuze hiyo picha uone ulivyoikwaruza. Sasa naweza kukupa bei ya madini yake ya fedha, ya kuyeyusha tu."

Nikaikuza picha. Shavu lote la mzungu lilikuwa na mistari membamba, kama ukuta uliopitiwa na ufagio. Bei aliyoitaja haikutosha hata mguu wa cherehani.

Nilichukua baiskeli ya mama nikaenda Ntobeye kwa baba mkubwa, Laurenti. Mzee huyu alikuwa mpokeaji wa kahawa kwenye chama cha msingi cha ushirika kwa miaka mingi, na wakulima walimwogopa kuliko mvua ya mawe. Juu ya gunia unaweka kahawa nzuri, yeye anazamisha mkono mpaka kwenye kwapa anakutolea mbovu uliyoificha katikati.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Umelia au ni vumbi?"

Nikamweleza yote. Nilikuwa nimekuja kuomba anisaidie uongo: tumwambie Spesioza kwamba mnunuzi amebadili mawazo. Hakunijibu hilo. Alisema tu, "Nionyeshe hiyo picha iliyokutia wazimu."

Nikampa simu. Hakuwa amewahi kuishika ya namna ile, nikamfundisha kukuza kwa vidole viwili. Akavaa miwani, akatazama upande wa kofia, akatazama upande wa simba, akarudi, akaenda, kama anachambua kahawa.

"Huku kivuli cha sarafu kimelala kushoto, kule kimelala kulia," akasema. "Haya, labda aligeuka. Lakini tazama ukingo. Huku kuna pengo, kama imeng'atwa na panya. Ukiipindua, pengo linakwenda wapi?"

"Linabaki, ila linahamia upande wa pili."

"Nionyeshe liko wapi."

Nikatafuta. Halikuwepo popote. Ukingo wa upande wa simba ulikuwa mzima, mviringo kabisa.

"Hizi ni sarafu mbili," akasema. "Amechukua uso wa moja na mgongo wa nyingine. Na picha ya ukingo hakuweka, wala hukumwomba. Halafu hii bei, kuna mtu aliyeilipa?"

"Sijui. Ndiyo aliyoandika."

"Hata mimi naweza kuandika kwamba jogoo wangu ni bei ya ng'ombe. Jogoo atabaki bandani." Akanirudishia simu, na hapo sauti ikabadilika. "Sikiliza, binti. Mashaka ulikuwa nayo tele, ila umeyamwaga pasipostahili. Picha ya mtu usiyemjua umeiamini bila kuiuliza swali. Mgeni anayekula na mama yako ukampima kwa mchele. Na kitu alichokupa mkononi ukakisugua bila ruhusa yake. Sasa unataka umwongezee na uongo?"

Nilirudi nikisukuma baiskeli. Hata kuipanda nilijiona sistahili. Spesioza alikuwa anaanua nguo za mtoto. Nikamweleza pale pale kambani, bila kupunguza, hata habari ya Deo na mchele. Akaipokea rupia, akaigeuza, akaitazama muda mrefu.

"Bibi alikuwa haigusi ila kwa nguo," akasema. "Nilidhani ni heshima tu."

Nikamwambia ile bei ya kuyeyusha. "Oya," akakataa. "Kwa bei hiyo afadhali nibaki nayo." Akaingia ndani, akaishona tena kwenye pindo. Hakunitukana. Angenitukana, ningepata usingizi.

Alhamisi nikauza simu. Deo ndiye aliyeinunua, tena alinipunja na kuniambia skrini ina mikwaruzo. Nikaongeza kuku wawili wangu, nikapata kwa fundi mmoja mzee cherehani ya mkono, rangi imebabuka, lakini nilikaa kwake mpaka aliponishonea mbele yangu pindo zima la shuka.

Ijumaa magari yakaja. Watu wanapanda, majina yanaitwa, nami nafika na cherehani kichwani, jasho linanitoka, nimejaa matumaini kwamba Spesioza ataniangukia kifuani. Wapi! Aliitua chini. Akailaza ubavu, akatazama tumboni mwake. Akafungua kifuniko, akatoa bobini, ile ya uzi wa chini, akaipuliza, akairudisha. Akazungusha gurudumu polepole ameinamisha sikio. Akamwomba uzi mama aliyekuja kumsindikiza, akatunga sindano, akashona kwenye ncha ya kanga yake mstari mfupi, akaugeuza kuutazama upande wa chini. Dereva akapiga honi.

"Mama, unapanda hupandi?" mtu akamfokea.

"Ningoje," akajibu, bila kugeuka. Akaukata uzi kwa meno, akauvuta ule mshono kwa nguvu. Haukufumuka. Ndipo akainua uso akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akatabasamu.

"Hii ni nzima, Jeni," akasema. "Nipandishie, nimebeba mtoto."

Nilisikia aibu na furaha kwa pamoja, mwanangu. Hakunikumbatia, lakini alinifundisha jinsi kitu kinavyotazamwa.

Kwa hiyo, hiyo sarafu ya kwenye simu yako, iulize maswali kabla hujaipenda. Omba uso, mgongo na ukingo, zote kwa mwanga mmoja, juu ya meza moja. Mwambie muuzaji aweke kando yake kitu utakachomtajia wewe, punje ya kahawa ama ufunguo, apige tena leo. Akianza kukupa sababu, umeshapata jibu. Alama unayoiona upande huu itafute na upande wa pili. Iking'aa mno, jiulize nani ameisugua, maana cha zamani kina haki ya kuwa na rangi ya uzee. Bei iliyoandikwa usiihesabu mpaka umjue aliyeilipa. Ukiona huwezi kuishika mkononi kabla ya kutoa hela, acha ipite, zipo nyingine. Na ukipewa kitu cha mtu, hata kama kinakuchukiza kwa weusi, mrudishie kama kilivyo. Mashaka yako yatumie kwa kitu. Mtu aliyeketi nawe mpe nafasi ya kujibu kabla hujamhukumu.

Kuota endelea, mimi mwenyewe sijaacha. Mungu akupe macho ya kuona mpaka katikati ya gunia, akupe moyo usiomwogopa mgeni, na kila utakachopewa kukitunza akujalie ukirudishe kikiwa kizima. Nenda, mwanangu, kaiombe hiyo picha ya ukingo.